Baiskeli Mbili na Mteremko wa Sabaki

Fundi hakusema kitu. Aliipindua baiskeli yangu mpya miguu juu pale mchangani chini ya mwarobaini, akalizungusha gurudumu la mbele kwa kidole kimoja. Likazunguka mara mbili na nusu, likasimama. Akalizungusha tena, safari hii ameinamisha sikio karibu na habu, kitovu cha gurudumu, kama mtu anayesikiliza mtoto akipumua usingizini. Ndipo akaniangalia.

"Mwalimu, hii umeinunua lini?"

"Jana, mzee."

"Na nani aliyekufungia?"

Nikamwambia ni kijana wa dukani. Lilikuwa lile duka kubwa la kuuza sukari, masufuria na magodoro chini ya paa moja, na kijana mwenyewe nilimkuta akipanga pakiti za unga. Aliitoa baiskeli kwenye boksi, akatia usukani, magurudumu, pedeli na kiti, dakika 20 kazi imekwisha. Fundi akanionyesha uma wa mbele, ule unaolishika gurudumu. Ulikuwa umegeuzwa nyuma mbele. Mikono ya breki, badala ya kutazama njia, ilikuwa inaitazama fremu, na gurudumu lilikuwa limeingia ndani hata ncha ya kiatu changu ikawa inaligusa kila nikikata kona. Nilikuwa nimeipanda hivyo kutoka mjini Malindi mpaka mtaa wa Muyeye, nikidhani ndivyo baiskeli za gia zilivyo.

Mwezi huu watu watatu wameniuliza swali lile lile: ninunue ya dukani inayong'aa, au nitafute iliyotumika lakini ya kampuni nzuri? Majibu ya njiani hayatoshi, ndiyo maana nimekaa niandike yaliyonipata.

Nafundisha shule ya msingi ng'ambo ya mto Sabaki, kaskazini ya Malindi, pwani ya Kenya. Wakati huo nauli ya kwenda na kurudi ilikuwa shilingi 200 kwa siku, na kwa siku 20 za masomo ni shilingi 4,000 kila mwezi. Baiskeli iliandikwa 14,500. Kwa hesabu zangu, miezi minne haiishi kabla haijajilipa, na baada ya hapo kila mwezi nabaki na 4,000 za karo na unga. Hesabu ilikuwa sawa kabisa. Nilichokosa kuhesabu ni fundi.

Ilikuwa nyekundu, gia 21, springi mbele na springi nyingine kubwa katikati ya fremu, tairi zenye meno kama za trekta. Yaani ukiitazama unaona baiskeli ya kupandia milima. Siku ile fundi aliugeuza uma, akafungua habu zote mbili kunionyesha ndani. Nilitarajia kuona grisi. Kulikuwa na alama tu ya grisi, kiasi cha ukucha wa kidole kidogo, na gololi zilikuwa zimebanwa mpaka hazina pa kupumulia. Baiskeli inayokaa ndani ya nyumba ingeweza kuishi hivyo mwaka. Ya kwangu ilikuwa inakwenda kwenye mchanga na upepo wa chumvi.

Wiki ya pili ikaanza pedeli ya kushoto. Hapa kuna jambo ambalo kila mwenye baiskeli anafaa kulijua: pedeli ya kushoto nyuzi zake, ile mikato ya skrubu, ni za kinyume. Ya kulia huikaza kwa kuizungusha kama mshale wa saa, ya kushoto kinyume chake, ili isijifungue yenyewe mtu anapokanyaga. Aliyenifungia ama hakulijua hilo ama alikuwa na haraka, akailazimisha kwa spana. Nyuzi za ndani zikalika. Asubuhi moja, nikiwa sijafika uwanja wa ndege, pedeli ikachomoka na mguu wangu ukashuka chini mzima mzima. Pedeli mpya haikusaidia, kwa sababu kilicholika ni ule mkono wa chuma unaoishika pedeli. Ikabidi ninunue vyote viwili.

Ikafuata ekseli ya nyuma, ule mhimili wa chuma unaopita katikati ya habu. Ilipinda, nikabadilisha, ikapinda tena, na mimi si mtu mzito. Nikamuuliza fundi kulikoni, naye akachukua kijiti akanichorea mchangani. Kwenye baiskeli kama ile, friwili, yaani ule mkusanyiko wa meno ya gia ya nyuma, hukazwa juu ya habu kwa nyuzi, na gololi za upande wa cheni hubaki ndani kabisa, karibu na katikati. Kwa hiyo kipande kirefu cha ekseli kinaning'inia hakina wa kukishika, na uzito wote wa mpandaji pamoja na mvuto wa cheni unakiangukia. Kwenye friwili ya duara moja la meno hilo halina shida, kipande ni kifupi. Ukiyapanga maduara saba, kimerefuka. Shimano, kampuni ya Wajapani iliyoanzishwa mjini Sakai mwaka 1921 kwa kutengeneza friwili, mwaka 1978 ilitoa habu ambayo friwili ni sehemu yake, na gololi za upande ule zikasogezwa nje karibu na fremu. Tatizo likaisha. Tangu mwaka 1978! Nilipolielewa hilo nilichukia kweli, kwa sababu dawa imejulikana miaka yote hiyo, na bado mtu wa kipato changu anauziwa ugonjwa.

Springi nazo. Ile ya katikati, kila nikikanyaga pedeli ilikuwa inabonyea na kunirudisha, nikawa kama mtu anayepanda ngazi za godoro. Sehemu ya nguvu niliyotoa mguuni ilikwenda kubonyeza springi. Siku moja nikaipeleka kwa mnunuzi wa korosho, tukaitundika kwenye mizani yake: kilo 18 na nusu. Chuma cha kawaida, kinene, kisicho na sababu ya kuwa kizito hivyo.

Lakini haya yote ni hasara ya fedha na jasho. Lililonifanya niachane nayo ni breki.

Anayeijua barabara ya Malindi kwenda Lamu anaujua ule mteremko wa kushukia daraja la Sabaki. Si mlima, ila kwa baiskeli unatosha. Ilikuwa mwezi Mei, masika imekaza, mvua imenyesha usiku kucha na asubuhi bado inadondoka. Mto ulikuwa umejaa, maji mekundu kama chai ya maziwa iliyowekwa majani mengi. Nilianza kushuka, nikabana breki mapema kama kawaida. Hakuna kitu. Nikabana kwa mikono yote miwili mpaka vishikio vya breki vikagusa usukani. Raba za breki zilikuwa zinapita juu ya rimu, ule mzingo wa gurudumu, kama kidole kwenye sahani iliyopakwa mafuta. Mbele yangu tuktuk ilikuwa imesimama kushusha abiria. Upande wa kulia lori linapanda. Nikaelekeza baiskeli kushoto, kwenye tope na majani, nikaanguka.

Kiwiko kilichanika, kifundo cha mkono kilivimba wiki mbili. Madaftari ya darasa la sita niliyokuwa nimeyasahihisha usiku yalitapakaa kwenye tope. Yule mama aliyekuwa anashuka kwenye tuktuk ndiye aliyeniinua. "Pole mwanangu, pole," huku akinipangusa uso kwa ncha ya leso yake. Namkumbuka mpaka leo na sikuwahi kumwona tena.

Fundi alinieleza jioni yake, nikiwa nimekaa kwenye kigogo chake mkono umefungwa. Rimu zilikuwa za chuma kilichopakwa ile rangi ya kung'aa kama kioo. Zikiwa kavu, raba hushika. Zikilowa, maji hukaa juu ya ule utelezi, na raba za bei rahisi ni ngumu, hazina cha kushika. Rimu ya alumini ikilowa nayo hupungua nguvu, ila si kwa kiasi kile, na baada ya mizunguko michache raba huwa imeyafuta maji. Mtengenezaji anajua. Duka, kama halijui, lilipaswa kujua. Kwenye fremu ya baiskeli yangu, chini karibu na pedeli, kulikuwa na kibandiko kidogo cha Kiingereza ambacho sikuwahi kukisoma mpaka siku ile: kwamba isitumike nje ya barabara ya lami. Baiskeli yenye tairi za meno na springi mbili!

Ajabu ni kwamba baiskeli za milimani mwanzo wake nao ulikuwa na shida ya breki. Miaka ya 1970 huko kaunti ya Marin, California, vijana walikuwa wakichukua baiskeli nzito za kizamani na kushindana kuteremka mlima nazo. Breki zilikuwa ndani ya habu ya nyuma, na joto la kushuka mlima lilikuwa linaunguza grisi ikatoka moshi, kwa hiyo kila wakifika chini ilibidi wafungue habu na kujaza grisi upya. Njia yenyewe waliiita Repack, yaani "jaza upya", kwa sababu hiyo, na mashindano yalianza mwaka 1976. Mwaka uliofuata mmoja wao, Joe Breeze, akaunda fremu mpya makusudi kwa kazi ile, kwa mabomba ya chuma kilichochanganywa na kromu na molibdenamu, ambacho kina nguvu hata bomba likiwa jembamba. Watu wale waliona kitu kinavunjika, wakakitengeneza kisivunjike. Nami nikauziwa umbo la kile walichokiunda, bila kile kilicholifanya umbo liwe na maana.

Mimi huandika matumizi kwenye daftari, ni tabia ya kazi. Miezi minane ya ile nyekundu inasomeka hivi: mkono wa pedeli na pedeli 800, ekseli mbili 700, spoki na kunyoosha rimu mara tatu 900, waya na raba za breki 450, mkono wa kuhamisha cheni uliopinda ukaingia kwenye spoki 1,200, rimu ya nyuma 1,500. Jumla 5,550. Ongeza 14,500 za dukani, zinakuwa 20,050. Sijahesabu nauli za siku baiskeli ilipolala kwa fundi, wala dawa za kiwiko.

Hapo naomba nisieleweke vibaya. Sisemi kitu cha bei ndogo ni kibaya. Marehemu baba alikuwa na Black Mamba, ile baiskeli nyeusi ya tairi za inchi 28, breki za vyuma badala ya waya, haina gia hata moja. Alibebea samaki kutoka ufukweni, akatubebea sisi shuleni, akambebea mama hospitali usiku nilipozaliwa mimi. Nzito, ndiyo, na breki zake nazo hazipendi maji. Lakini kila nati yake fundi wa kijijini anaifungua kwa spana moja, vipuri viko kila soko, na haikujifanya kitu kingine. Anayeipanda anajua ana nini mkononi. Bei ndogo ya Black Mamba imetokana na kuacha visivyohitajika. Bei ndogo ya ile nyekundu imetokana na kuweka kila kitu, springi, gia 21, meno, halafu kila kimoja kikawa cha kuigiza.

Fundi ndiye aliyenishauri nitafute ya mtumba. Likizo ya Agosti tukaenda naye Mombasa, nimemlipia nauli na chakula, na nasema wazi kwamba zile ndizo fedha nilizotumia vizuri kuliko zote katika habari hii. Muuzaji alikuwa na baiskeli zilizotoka Ulaya, zimerundikana kama samaki kwenye tenga. Mimi macho yangu yalikwenda kwenye zenye rangi nzuri. Fundi alikuwa anatazama chini, kwenye viungio vya fremu.

Alichokifanya nitakieleza kwa utaratibu, maana ndicho ninachowaambia watu. Kwanza alinisimamisha juu ya baiskeli, miguu chini, bomba la juu katikati, kuona kama kuna nafasi ya vidole vitatu vinne. Baiskeli nzuri zina saizi, kama viatu. Ile ya dukani ilikuwa saizi moja kwa watu wote, na sasa nikajua kwa nini magoti yalikuwa yananiuma. Kisha akaichomoa nguzo ya kiti. Zilizogoma kuchomoka aliziacha palepale hata fremu iwe nzuri vipi: nguzo ya alumini ndani ya fremu ya chuma, bila grisi na kwa chumvi, hushikana ikawa kitu kimoja. Akapitisha kidole chini ya fremu, nyuma ya shingo ya usukani, akitafuta rangi iliyokunjamana, dalili kwamba iligonga kitu. Akashika rimu akaitikisa kushoto na kulia kusikiliza gololi. Akazungusha magurudumu yakiwa hewani, macho kwenye raba za breki. Mwisho akatoa mfukoni rula.

"Hebu ninyooshee cheni hapo, mwalimu."

Kila kiungo cha cheni ni nusu inchi, kwa hiyo viungo 24 ni inchi 12 kamili, pini kwa pini. Pini ya mwisho ikipita alama ya 12 kwa sehemu moja ya kumi na sita ya inchi, cheni imechoka, ibadilishwe. Ikipita kwa moja ya nane, imekwisha kuyala na meno ya gia, na gharama imeongezeka mara kadhaa. Nimefundisha vipimo miaka 11 na sikuwahi kufikiri rula ina kazi hiyo.

Tulichagua Trek ya zamani, ya kampuni ya Kimarekani, kijani iliyopauka, uma wa mbele wa chuma kitupu usio na springi, tairi za inchi 26, rimu za alumini. Kibandiko kimechanika nusu, ila neno cromoly, yaani kile chuma cha kromu na molibdenamu, linasomeka. Shilingi 21,000 baada ya fundi kuzungumza. Kulikuwa na nyingine mpya zaidi, yenye breki za diski zinazotumia mafuta, nikaitamani. Fundi akakataa. Breki ile ni nzuri kuliko zote, akasema, lakini siku ikivuja, Malindi hakuna mafuta yake wala vifaa vyake. Na magurudumu yake ya inchi 29, tairi ikipasuka Ijumaa, nitatembea mpaka mtu aende Mombasa. Tairi ya 26 ipo hata Mambrui. Nadhani hilo watu wengi hulikosa wakizungumzia baiskeli bora. Ubora ambao fundi wako hawezi kuufungua utakaa ukutani.

Ile Trek tuliipima kwenye mizani ya korosho: kilo 13 na robo. Mteremko wa Sabaki niliushuka nayo kwanza siku ya jua, halafu kukiwa na manyunyu, halafu mvua. Sikuamini mpaka siku ya mvua.

Huu ni mwaka wa nne. Nimebadilisha cheni mbili, tairi, raba za breki mara tatu, basi. Lakini haijitunzi yenyewe. Upepo wa kusi ukianza, kila kitu cha chuma hapa kwetu huota kutu, hata bawaba za milango. Jumamosi naimwagia maji ya kisima yasiyo na chumvi, naikausha kwa kitambaa. Nguzo ya kiti naichomoa kila mwezi, naifuta, naipaka grisi. Na cheni: wengi wetu tunaipaka mafuta machafu ya injini ya pikipiki kwa sababu ni ya bure. Nimefanya hivyo miaka. Mafuta yale mazito hukusanya mchanga, na mchanga na mafuta ni msasa, unaisaga cheni huku wewe unafikiri unaitunza. Tumia mafuta mepesi ya cherehani, tone moja kila kiungo, kisha futa mpaka nje ibaki kavu. Mafuta yanatakiwa ndani ya pini, si nje.

Wa mwisho kuniuliza alikuwa jirani yangu, mama mwenye mtoto wa sekondari. Alikuja jioni, "Hodi mwalimu," akaeleza. Nikaanza kumwambia habari za Mombasa, akainamisha kichwa. Alikuwa ameshanunua. Ilikuwa ya bluu, springi mbili, fedha za chama alizozungushiwa mara moja kwa mwaka. Nilijilaumu kwa jinsi nilivyoanza kuzungumza kabla sijamsikiliza.

Jumamosi ile tukaipeleka kwa fundi, mimi, yeye na kijana wake. Kilichowezekana tulikifanya. Tulizifungua habu zote, tukazijaza grisi na kuzilegeza. Pedeli ya kushoto ilikuwa bado haijaharibika, tukaitoa na kuirudisha kwa upande wake. Waya za gia fundi alizifunga ili cheni isifike kwenye duara kubwa kabisa la meno ya nyuma, pale inapoweza kuingia kwenye spoki. Springi ya katikati aliikaza mpaka mwisho ili ibonyee kidogo iwezekanavyo. Gurudumu la mbele akalitoa kabisa, akashusha kutoka ukutani la zamani lenye rimu ya alumini, akatia raba laini. Kwa yote akachukua 1,300.

Kijana alitaka kupanda aende. Fundi akamzuia kwa mkono.

"Mama, kuna maji?"

Akaletewa kopo. Kijana akaketi kitini, mimi nimeshika nyuma, fundi akawa anaimiminia maji rimu ya mbele huku tukisukuma, polepole kisha mbio.

"Bana!"

Raba zikateleza robo mzunguko, zikalia, gurudumu likasimama. Fundi akainuka, akachota kopo la pili.

"Tena," akasema.